Ngumi ya Fundi Mwinshehe

Mzee Mwinshehe Assani, fundi wa vipaza sauti wa Idara yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1983 baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Alianza mwaka wa Uhuru, akifunga spika kwenye nguzo za uwanja wa Ujiji.

Kwa kuwa jenereta ilinguruma kuliko mtu, aliwafundisha wasanii kumsoma mikono. Kiganja kifuani: rudi nyuma kidogo, iache maikrofoni ipumue. Ngumi juu: umeme unakatika, fungeni midomo, chezeni mpaka urudi. Siku ya kwanza mpiga ngoma Gervasi alidhani anasalimiwa. “Nimekuona, Fundi!” akapaza sauti. “Na watoto hawajambo!” Uwanja mzima ulicheka.

Mwaka 1974 alipelekwa Kidahwe, kwenye sherehe ya kijiji kipya. Siku hiyo inafaa kuelezwa kwa uangalifu. Kiongozi wa kwaya, Bi Skolastika, alikuwa amehamishwa kutoka Kalinzi usiku wa mvua, na mwanawe alikufa kwa kunyeshewa kabla nyumba mpya haijaezekwa. Katikati ya wimbo wa kumlaki mgeni rasmi, alianza kumlilia mtoto huyo kwa jina. Wanakwaya walijua kwamba ubeti uliofuata ungemtaja aliyeamuru wahame usiku ule wa mvua, naye alikuwa ameketi jukwaa kuu.

Mzee Mwinshehe aliinua ngumi, akazima jenereta. Kwa mazoea ya ishara aliyokwisha kufundishwa, Bi Skolastika alifunga mdomo, akaendelea kucheza. Umeme haukurudi.

Mama huyo hakuguswa. Fundi ndiye aliyechukuliwa, kwa kosa la kuharibu sherehe. Aliporudi kazini mwaka uliofuata, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Tangu hapo alipima sauti kwa kuweka kiganja juu ya spika.

Bi Skolastika alimfuata nyumbani Buzebazeba, mkewe Bi Mwamvua akiwapo. “Shikamoo, Fundi. Mdomo ule ulikuwa wangu. Nani alikutuma kuufunga?” Mzee alimpisha kiti. Mama hakuketi.

Idara inamshukuru Mzee kwa kazi yake yote. Kwa hafla ya kumuaga ameomba jambo moja: Bi Skolastika aalikwe, aimbe wimbo wake mpaka mwisho, na mtu yeyote asiiguse jenereta. Barua imepelekwa Kidahwe kwa mkono. Mpaka tunapochapa haya, hajajibu.

Mzee Mwinshehe, tunakuombea mapumziko yenye amani, na mlango usiokosa mgeni.