Chokaa Isiguse Ukuta Ule

Weka chini hiyo ndoo, wewe wa kati, na brashi uiache. Chokaa isiguse ukuta ule leo wala kesho. Kisha nyote watatu sogeeni, sikilizeni wanangu, na mtu asinikatize hata kwa kunihurumia, kwa sababu nikikatizwa nitapata kisingizio, na visingizio nimeishi navyo miaka arobaini.

Nyuma ya ukuta huu mnaisikia cherehani ya shangazi yenu. Nitasema kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, asikie naye.

Kesho saa nne wageni wanakuja kubandika kibao chenye jina langu kwenye ukuta wa ukumbi wa zamani, na wewe kitindamimba, ambaye digrii yako ina mwaka wa tatu kabatini ikiliwa na mende, ndiye uliyewaandikia yale maelezo matamu: "Baba wa herufi za mtaa, aliyeupa muziki sura." Umeandika vizuri, mwanangu. Umeandika uongo, ila si wako, ni wangu.

Herufi zile ni za shangazi yenu.

Ndiyo, huyuhuyu mnayempelekea suruali azipinde, huyuhuyu ambaye wewe mkubwa ulimwambia juzi mbele ya mkeo, "Shangazi, mambo ya sanaa tuachie wenyewe," naye akacheka, akaendelea kupiga pasi. Mimi nilikuwepo. Nilikunywa chai yangu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Vijana wa spika walikuwa wakipiga muziki wao mzito katika ukumbi ule kila Jumapili mchana, nywele zimesimama, suruali zinafagia sakafu, na baba yetu alikuwa ameapa kwamba binti yake akionekana pale atamvunja miguu. Shoto, ndivyo tulivyomwita kwa ajili ya mkono wake, alikuwa akipitia mlango wa nyuma, anaweka kiganja juu ya spika, anaisikiliza besi kwa mkono, kisha anakwenda ukutani kuichora: herufi zenye matumbo, zinavimba pale mdundo unapogonga na kukonda pale unapoachia, hata kiziwi akipita anatikisa kichwa. Jina la kundi lao, RADI, aliliandika ukuta mzima, kwa rangi ya mafuta aliyoiiba kwenye kibanda changu cha mabango.

Siku hiyo mwenye ukumbi akaja, baba yetu nyuma yake. "Nani kaandika hii?" Shoto alikuwa kando yangu, rangi nyekundu kwenye vidole vya kushoto, amevificha ndani ya gauni. Nikasema, "Ni mimi."

Baadaye alinishika mikono yote miwili akalia: "Kaka, umeniokoa." Mwezi mzima akanifulia mashati. Nami sikujua bado kama nimemwokoa au nimemwibia, mpaka mwenye ukumbi, herufi zikiwa zimempendeza, aliponipa kumbi zake zote niziandike, zikaja na kazi za mabasi na majalada ya santuri, nami nikakaa na karatasi zake za mazoezi nikainakili alfabeti yake yote. Lakini yeye anaandika kwa kushoto. Brashi yake inaingia kulia na kutokea kushoto, na mikia yote ya herufi inatazama kushoto. Mimi wa kulia ilibidi nivute brashi kinyumenyume, kama mtu anayefagia huku akirudi, na nyinyi nikawafundisha hivyohivyo, mkidhani ni ufundi wa ukoo. Mwandishi yeyote wa mabango mwenye macho angeuliza. Hakuuliza hata mmoja.

Baba alipofariki, Shoto alikuja kibandani. "Kaka, sasa mzee hayupo. Unaweza kusema." Hakudai kitu kingine. Nikamwambia, "Tutaona." Jumamosi iliyofuata nikabeba ndoo ya chokaa nikaufunika ukuta ule, asibaki na ushahidi, mchana kweupe, nikiwaambia wapita njia kwamba nasafisha mtaa.

Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, mnajua; mvua mbili tatu inabanduka. Ningepaka rangi ya mafuta mara moja tu, nikalala usingizi, lakini mkono ulikataa kuua kitu kizuri namna ile; mkono ulikuwa na haya kuliko mimi. Basi kila mwaka nilirudi na ndoo, na mtaa mzima ukinisifu: mzee anaupenda ukuta wake! Sasa nimelala hapa masika mawili, na jana mmeniambia tumbo la R limeanza kuchungulia, mkaleta ndoo ili wageni wasione uchafu.

Uchafu ni mimi.

Kibanda, ngazi, brashi, na zile karatasi za alfabeti ndani ya bomba la bati, vyote ni vya Shoto. Akitaka kuzichoma, mwashieni kiberiti. Wewe mkubwa, kamwombe radhi, na mkeo awepo kama alivyokuwepo. Kitindamimba, yale maelezo yaandike upya, na huo ulimi mkali unaowatukania waajiri, safari hii unitukanie mimi. Kibao kisibandikwe mpaka Shoto aseme kiandikwe nini, na akikikataa, wageni warudi nacho.

Na kaburini kwangu mniandikie kwa herufi za kawaida, zile za mlango wa choo. Mikia isitazame popote.

Nipeni maji. Polepole...

Ngojeni. Cherehani imenyamaza.

Mlango uacheni wazi. Msimwite, nimemwita vya kutosha, lete chai, lete shati...

Hapana. Inalia tena. Haya. Ana haki, hizo ni sare za watoto wa watu, zinatakiwa.

Inameni. Nawabariki kwa mkono huu wa kulia, maana ndio nilio nao. Baraka ya ule mwingine mkaiombe wenyewe, chumba cha pili, mkipiga hodi. Mungu awape ujasiri wa kusema mapema... mapema kuliko mimi. Sasa chukueni maji na vitambaa, nendeni mkauoshe ukuta. Msikwangue. Anzieni kwenye R... taratibu... taratibu, wanangu.