Maji Yanayonuka Nguruwe

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mabaharia wa Mfalme wa Uingereza waliyafika, wakaujua wingi wake, na bado wakafa kwa kiu.

Mumewe Dorcas Penhale alikufa hivyo. Ndiyo maana, ndani ya gari la farasi kutoka Portsmouth kwenda London, mjane huyo alitega sikio mpishi wa meli mwenye mguu wa mti alipoanza kujigamba.

"Serikali ilifunga bomba kwenye sufuria yangu ya nyama ya nguruwe, likusanye mvuke wa maji ya bahari uwe maji ya kunywa. Wakubwa wakaja kuonja. Bwana mkubwa akasema, matamu! Wa chini yake naye, matamu! Ikashuka hivyo kwa vyeo mpaka kwangu. Nikasema yananuka nguruwe. Bomba likang'olewa palepale. Sasa nimeitwa niwaombe radhi, la sivyo jiko wanampa mwingine."

"Yalikata kiu?"

"Yalikata, mama. Lakini yananuka!"

"Mwanangu yumo katika meli yako hiyohiyo, na inang'oa nanga Jumatatu. Waombe radhi, baba, walirudishe bomba. Akirudi ananuka nguruwe, nitamwogesha. Baba yake hakurudi hata wa kuogeshwa."

Mpishi alikuna pua yake, ile iliyoshinda serikali nzima, akatazama nje mpaka gari liliposimama mbele ya ofisi ya wanamaji.

"Pole kwa msiba, mama," alisema, akitanguliza mguu wa mti. "Lakini radhi siombi."