Mashine ya Magunzi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, hatua chache kutoka kisima chetu cha maji ya chumvi. Kwa miezi mitatu kahawa yake ilinyweka. Fundi Betri, binti aliyekuwa akichaji betri za mtaa mzima, alichoma magunzi ya mahindi yakawa makaa yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, akayasaga, akayapaka kwenye vibati viwili na kuviunganisha na betri. Maji ya kisima yakipita katikati, chumvi inanasa vitunduni, yanatoka matamu. Halafu kisima kikazidi chumvi kuliko mwanzo, kamati ya kisima ikamwandikia barua, mashine ikafungiwa, binti akahama. Kahawa ya leo mtu anaimeza kwa heshima ya mpishi tu.

— Ni bahari, alisema Kinyozi. Inatembea chini kwa chini. Imeona chumvi inaibiwa, imekuja kuangalia.

— Bahari iko safari ya siku mbili! alisema Bomba, msimamizi wa kisima.

— Kwani ina haraka gani?

Gazeti, ambaye hasomi ila la kuazima, akakohoa:

— Magunzi hayo. Mahindi ya siku hizi yamelishwa mbolea mpaka yanatoka jasho.

— Gunzi litoe jasho, wewe?

— Imeandikwa.

— Wapi?

— Ukurasa uliochanika.

Tulicheka, isipokuwa Bomba. Fundi ni mpwa wake. Siku ya kuondoka alimwambia, "Mjomba, mashine yangu si mbovu," naye akamjibu kwamba kamati imeshakaa. Kamati yetu ikishakaa, kuinuka ni kazi.

Akapita mama mmoja, mpangaji mgeni, ndoo mkononi.

— Shikamooni. Nimewasikia. Hivyo vitundu, si vilikuwa vinajaa?

— Vinajaa, mama, alisema Bomba. Kila asubuhi nilikuwa nageuza nyaya, chumvi inaachia, nasuuza kwa ndoo mbili.

— Ulikuwa unazimwaga wapi?

— Nimwage? Hapa maji hayamwagwi!

Akaonyesha tangazo ukutani: NI MARUFUKU KUMWAGA MAJI, HATA TONE. KWA AMRI YA KAMATI.

— Nilikuwa nayarudisha kisimani.

Kinyozi akatua kikombe chini, polepole. Tangazo lile niliandika mimi, katibu, na "hata tone" nikapigia mstari mara mbili. Siku hiyo nilijiona mwandishi.

— Fundi aliniambia nikayamwage mtaroni, mbali, alisema Bomba, sauti imemshuka. Nikasema mtoto wa juzi huyu, atajulia wapi taratibu.

Mama akahamishia ndoo mkono wa pili.

— Basi mumrudishe. Yuko wapi sasa?

Tukamgeukia Bomba, mjomba mtu. Siku ile ya kuondoka hakumuuliza anakwenda wapi. Alimhimiza tu aache funguo za mashine.