Kigae Cheupe

Ndani ya basi, mama mmoja alikuwa amepakata kigae cheupe cha jikoni kama mtoto mchanga. Fundi aliyekaa kando yake, suruali imejaa saruji, hakuombwa ushauri, lakini aliutoa. "Dada, chukua cheusi. Jikoni kuna mafuta na masizi, cheusi kinasitiri."

"Ndiyo maana sikitaki, kaka! Mume wangu kastaafu, sasa mpishi ni yeye. Anamwaga mchuzi, halafu ananiapia kasafisha. Nataka nione mwenyewe."

Fundi akacheka. Nami, niliyejifanya nasoma gazeti, nikacheka pia.

"Shemeji mwenyewe anasemaje?"

"Hana habari. Nataka nimshtukize."

Basi likasimama. Kituoni mzee mmoja alikuwa akimpungia mkono yule mama, tabasamu hadi masikioni, kwapani kabana kigae cheusi.