Msinizike Kesho

Ingieni, ingieni, na panga ziachwe nje. Dada yenu ameshawaambia na mimi sirudii. Ivo, wewe mkubwa, kaa upande wa dirisha. Hamo, kaa huku ukutani, na usimtazame kaka yako hivyo, macho hayaui. Hawise binti yangu, simama hapohapo katikati, maana ndipo uliposimama tangu vita hivi vianze. Na wewe Padri Edric, najua uko nje ya mlango na kichupa chako cha mafuta matakatifu, kwa sababu askofu amekukataza kukaa chini ya paa moja na mtu aliyelaaniwa. Kaa hukohuko, mbao za mlango huu ni nyembamba, utasikia. Sikilizeni wanangu, maana pumzi iliyobaki ni ya kusema mara moja tu, na atakayenikatiza atakuwa ameniibia.

Mnakumbuka siku ile mfalme mzee alipokufa bila mtoto wa kiume, nchi ikapasuka vipande viwili, huku mpwa wake ameshavikwa taji, kule binti yake anapiga kelele kwamba taji ni lake? Niliwaita mezani, tukala mikunga, wale samaki warefu wa bwawani kwetu, nikawaambia: Ivo, nenda ukaweke mikono yako ndani ya mikono ya Bibi, yule binti wa marehemu, uwe mtu wake, na wewe Hamo kaweke yako ndani ya mikono ya Mfalme, yule mpwa. Ashinde atakayeshinda, mmoja wenu atakuwa upande wa mshindi, naye atamwombea mwenzake, na ardhi itabaki yetu. Mlicheka! Hamo ukauliza, “Baba, na tukikutana vitani?” Ivo akakujibu, “Nitakupiga kofi la polepole, mdogo wangu, usije ukalia.” Tukacheka sote, isipokuwa mama yenu Sibilla, ambaye aliweka kisu chake mezani akasema, “Mshika mbili moja humponyoka, Thurstan.” Nikamwambia sishiki mbili, napanda mbegu katika mabonde mawili ili mvua isiponyesha huku inyeshe kule. Wala sioni haya mpaka leo. Walioshika upande mmoja wako wapi? Pale Harnwick panaota magugu mlangoni, na mjane wa bwana wa Stoke anaomba mkate kwa watawa.

Lakini nyinyi, loo, nyinyi mliniamini kupita kiasi. Niliwapa bendera mzipeperushe, mkazimeza. Ivo, ulichoma kinu cha ndugu yako kule Wadbrook, kinu alichojenga babu wa mama yenu, watu wakala shayiri nzimanzima kama farasi majira yote ya baridi. Hamo, wewe ulimtundika Wulfric. Usiinamishe kichwa, nitazame. Wulfric, mtoto wa yaya, aliyenyonya ziwa moja na Ivo, aliyekubeba mabegani wewe ulipoogopa bata bukini. Unasema alikuwa mpelelezi. Haya, alikuwa mpelelezi. Na mabega yale yalikuwa ya nani? Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nami nimezaa wawili ambao kila mmoja anaomba afe mwenzake kwanza. Inaniuma kuliko hili donda la ubavuni, na hili donda linanuka, mnajua wenyewe, mnaziba pua kwa adabu.

Hawise, leta yale mabonge. Mnaona, wanangu, ameyakata asubuhi hii kwa jembe, udongo na majani yake. Ivo, pokea mbele ya ndugu yako: hili ni la Eldersley, mashamba yote ya upande huu wa mto, na nyumba hii dada yenu akishaolewa. Hamo, pokea mbele ya kaka yako: hili ni la Wadbrook, upande wa pili, urithi wa mama yenu, ardhi nzito isiyopenda mvivu. Hawise ana bwawa la mikunga na bustani ya matufaha, naye ataolewa na mtu anayemtaka mwenyewe, siyo anayetakiwa na jeshi la mtu. Yeyote atakayemwoza ili apate wapiganaji, bonge lake na ligeuke vumbi mkononi.

Sasa mnara. Ahaa! Mmeinua vichwa nyote wawili. Nilijua. Hamkuja kwa ajili ya baba, mlikuja kwa ajili ya mnara, kwa kuwa ukiwa juu pale una daraja, ukiwa na daraja una pande zote mbili za mto. Mimi mwenyewe niliujenga kwa sababu hiyohiyo. Pale darajani kilima ni kimoja tu, nacho kilikuwa na kanisa na makaburi. Nikachimba mtaro katikati ya wafu, watu wakibeba mifupa ya bibi zao kwenye vikapu, nikabandua mabamba ya madini ya risasi juu ya paa la kanisa, nikapandisha mawe. Askofu akanilaani, mishumaa ikapigwa chini ikazimwa, na tangu siku ile kengele haijalia. Kaburi la mama yenu limo ndani ya ukuta wa mnara ule. Nilipindisha mtaro nisimguse. Kila askari aliyesimama zamu pale amesimama karibu na kichwa chake, na mimi sijaruhusiwa kumwombea hata sala moja pale.

Mnara simpi mtu.

Nyamaza, Ivo. Nyamaza, nasema! Asubuhi ya leo, kule uani, mbele ya watu wenu wote, mlishika mfupa wa mtakatifu mkaapa kwamba hakuna atakayechomoa upanga. Nilikuwa dirishani, Hawise amenishika kwapani, nikasikia kila neno. Ivo ulitaka kusema “mpaka baba afe.” Hamo, wewe machozi yalikutoka, ukasema hapana, ni aibu, tuseme “mpaka baba azikwe kando ya mama.” Mkaapa hivyo, na watu wenu wakaapa nyuma yenu. Ahsante mwanangu. Hujui ulichonipa.

Maana mimi sizikiki. Mtu aliyelaaniwa halali katika udongo uliobarikiwa, na askofu ameshasema: siku mnara utakapoanguka, jiwe la mwisho likatoka juu ya makaburi, siku hiyo laana itaondoka. Padri Edric anayo njia fupi, ninaijua, amekuwa akininong'oneza kwenye tundu la ufunguo tangu juzi: niseme tu kwamba naahidi, wanangu watauvunja baadaye, yeye aingie anipake mafuta, nizikwe kesho. Kesho! Na kesho kutwa, Ivo, watu wako wangapi watakuwa pale juu? Na wako, Hamo? Mngenirushia udongo kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye mpini wa upanga. Sitasema naahidi. Padri, umesikia? Sitasema.

Nikifa, Hawise atanifunga katika yale mabamba ya risasi niliyoyaiba kanisani, atanitundika kwenye mtufaha mkubwa wa bustanini, si ardhini wala si mbinguni, mahali ambapo Eldersley wataniona na Wadbrook wataniona. Mkitaka kupigana, wanangu, nizikeni kwanza. Mkitaka kunizika, vunjeni mnara kwanza. Ukishavunjika mtapigania nini? Labda mtapata kitu, nyinyi hamkosi. Lakini mtakuwa mmebeba mawe pamoja, na mtu aliyebeba jiwe na mwenzake anajua jinsi mwenzake anavyohema. Wala msidhani mtanitupa mtaroni gizani mkaita mazishi. Kando ya mama, mlisema. Ahadi ni deni, na hakuna mpiganaji atakayemfuata bwana aliyedanganya juu ya mfupa.

Mnadhani nafanya hivi kwa ujanja. Kweli, mimi mjanja. Lakini naogopa, wanangu. Mimi niliyesimama vitani pale Brading Heath farasi wangu amekufa chini yangu, naogopa kama mtoto. Sijui mtu aliye mtini bila sala anakwenda wapi. Hawise anasema Mungu anaona mpaka ndani ya risasi. Nimeamua kumwamini Hawise, yeye hajawahi kunidanganya, hata kuhusu donda.

Mawe ya mnara yagawanyeni. Mazuri yajenge ukuta wa makaburi, yaliyobaki yajenge kinu cha Wadbrook, na Ivo, wewe ndiye utakayeyabeba. Hamo, mama yake Wulfric bado anaishi kule nyuma ya zizi. Nenda kwa miguu. Usipande farasi. Atakalokutendea, pokea.

Maji kidogo. ...Basi, inatosha.

Sogeeni. Sioni vizuri... huyu nani? Ivo. Na huyu? Lete mkono. Mmoja una joto, mwingine baridi, sijui wa nani. Mungu awape mvua kwa wakati, awape wake wenye maneno kama mama yenu, awape watoto... wasiofanana na nyinyi. Hapana. Wafanane nanyi kidogo. Kama mlivyokuwa siku ile ya mikunga.

Ivo, jiwe la kwanza ung'oe wewe. Hamo, la pili. Msinikalishe sana kule juu, mtini kuna baridi.

Hawise. Njoo karibu, sauti haitoki. Ndugu zako wakishatoka, funga mlango kwa komeo. Kiu hii... baadaye nitaogopa zaidi, nitamwita padri. Nitalia, nitasema naahidi, nitakuapiza.

Usifungue, mwanangu.