Papa Placide na Kinda Aliyeruka Mara Mbili

Kabla ya kumsifu Papa Placide, nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Mwezi wa nane, kwenye phonie, redio yetu ya kuongea na ofisi, nilisikia kosa la neno moja. Ningeweza kulisahihisha. Nilinyamaza.

Papa Placide anastaafu tarehe 30 Septemba 1984, baada ya miaka ishirini na sita kwenye barrage, ukuta unaozuia maji ya ziwa Tshangalele. Katika karatasi za kazi yeye ni Citoyen Kabwe, lakini hapa ziwani hakuna anayemwita hivyo, labda siku mkaguzi akija. Alianza kwa kufungua na kufunga milango ya maji. Mwaka 1979 zililetwa jozi tatu za furukombe, tai wala samaki ambao wavuvi wanawaita nkwazi, ndani ya masanduku ya mbao kutoka Upemba, kwa sababu wa kwetu walikuwa wamekwisha. Mkubwa aliuliza nani atawaangalia. Papa Placide akainua mkono, akidhani ni kazi ya wiki mbili.

Imekuwa miaka mitano. Kila asubuhi anaendesha baiskeli hadi kwenye mti wa kiota na daftari lake. Maji yakichafuka wakati wa mvua, ndege wasione samaki, yeye huwatupia wa kwake. Aliwaomba wavuvi wasitege nyavu karibu na mti ule, nao wakakubali, maana alirudi kuwaomba kila siku. Na kenge walipozidi kupanda kula mayai, aliuzungushia mti mabati katikati.

Damas, mvuvi asiyejua kunyamaza, alimcheka: “Papa, ule muti unauvalisha kikwembe?”

“Njo bibi yangu wa pili,” Papa Placide akajibu. “Lakini usimuambie Hortense.”

Mama Hortense, mke wake, alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya bukari, ugali wetu. Siku hiyo bukari ililiwa na Damas.

Pamoja na hayo yote, hakuna kinda hata mmoja aliyepona. Ofisi ya Lubumbashi ikachoka. Iliandika kwamba ikifika Jumamosi tarehe 25 Agosti bila kinda kuruka, lori litakuja kuwarudisha ndege wote Upemba. Mwaka huu kinda alikuwepo, mmoja, mwenye kula sana na asiye na haraka. Mimi nilikuwa nimetoka shule tu, nikapewa kazi ya kuandika daftari. Katikati ya mwezi malaria ikampeleka Papa Placide hospitali ya Likasi. Akiwa anapandishwa kwenye gari aliniambia, kwa jina analomwita kila msichana: “Mama, andika ile unaona. Usiongeze.”

Jumanne tarehe 21, kinda alitoka kiotani akarukia tawi la pembeni, akabaki hapo ameduwaa. Nilisema kwenye phonie: kinda ameruka, kutoka kiotani mpaka kwenye tawi. Sauti yangu ni ndogo, na phonie ilikuwa inakoroma. Camille, karani wa Lubumbashi, alisikia “ameruka” tu, na neno hilo ni la tai na la chura pia. Akapiga kelele kunipongeza: “Félicitations! Lori haiyi tena!” Kifungo cha kusemea kilikuwa chini ya kidole changu. Sikukibonyeza.

Siku nane nilisali rozari kwa ajili ya ndege.

Jumatano tarehe 29 Papa Placide alirudi, habari ya Camille ikiwa imeshamfikia hospitali. Hakupita hata nyumbani. Alikuja moja kwa moja kwenye mti, blanketi begani. Hapo hapo kinda alijitupa, akashuka hadi karibu aguse maji, kisha akapanda, akapanda tena, akavuka ziwa. Papa Placide alicheka mpaka akakohoa.

“Inaruka kama vile ni mara ya kwanza!” alisema. Halafu akakaa chini. “Miaka tano niko nangoya, na siku yenyewe nilikuwa ku hospitali.”

Nilitaka kumwambia. Lakini Damas alikuwa pale, nikainamia daftari. Tangu siku ile amemsimulia kila mtu, hata padri, kwamba aliikosa siku ya kwanza. Anasema akicheka, lakini macho hayacheki.

Papa Placide, hukukosa kitu. Tarehe 21 mtoto wako alihamia tawini tu, kama kuku. Siku yake ya kwanza ilikuwa Jumatano ile, na wewe ulikuwa chini yake na blanketi lako. Asante kwa miaka ishirini na sita. Tunakutakia mapumziko yenye afya, bukari ya moto, na Mama Hortense asiye na wivu kwa miti.

Nanyi wenzangu kumi na mmoja wa barrage mtakaosoma karatasi hii, nawaomba kwa heshima isivuke ziwa ikafika Lubumbashi. Camille ni mtu mwema, na ripoti yake ya tarehe 21 imeshapigwa mihuri mitatu.