Kitanda cha Nne: Munyiva Ngui Anapumzika

Munyiva Ngui, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Mwelu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na miwili na miezi kumi. Kwa muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili alifika akiwa na hasira kuliko waliokuwa wakimngojea.

Emily wa ofisi ya wafanyakazi ameniomba mimi, Musau wa jenereta, niandike ukurasa huu kwa sababu ni mimi peke yangu niliyebaki ninayemjua tangu siku yake ya kwanza. Ameniomba niandike kwa adabu. Nitajaribu. Shule yangu iliishia darasa la sita, na nasikia adabu ilikuwa inafundishwa la saba.

Alikuja Januari 1993, karani wa kadi, na sketi ya bluu iliyomzidi kiuno na sauti ya kunong'ona. Sketi aliipunguza. Sauti sijui ilienda wapi, maana hatukuisikia tena. Chumba cha kadi kilikuwa na makabati ya mbao, kadi elfu kumi na moja, na panya ambao hatukuwahesabu. Hapa kwetu ukiita Musau sokoni watageuka watu kumi na mbuzi mmoja, kwa hivyo jina peke yake halikumtosha. Alikuuliza ni Musau wa nyumba gani, aliyeoa wapi, mwenye kovu wapi, halafu anaenda moja kwa moja kwenye kabati na kurudi na kadi yako. Wagonjwa waliamini anaota kadi zao. Mimi nilikuwa nasema anazinusa.

Mwaka 2006 kompyuta zikaja, naye akapelekwa Nairobi kusoma wiki sita. Sisi tuliobaki tulikubaliana kwamba mji utamharibu. Alirudi na daftari nene la jalada gumu na tabia mpya ya kufukuza watu. Chumba cha seva kikawa kama madhabahu: huingii na chai, huingii na ndizi, huingii na viatu vya matope. Kuna askofu mgeni aliyetembezwa hospitalini akiwa na chupa ya soda mkononi. Aliombwa aimalizie nje, akaimalizia nje, na baadaye akatubariki kwa haraka sana.

Wengi mnadhani kazi yake ilikuwa kufunga mlango wa chumba chenye baridi, basi niwaeleze jinsi alivyonieleza mimi. Diski ni kitu kidogo, unene wake kama kitabu cha nyimbo. Moja haitoshi kubeba habari za wagonjwa wetu wote, kwa hivyo zinaunganishwa kadhaa, na seva inaziona kama kitu kimoja kikubwa. Wenyewe wanakiita volyumu. Ni kama shamba la ukoo wetu kule Kangundo. Liko vipande vinne, kimoja kiko ng'ambo ya kijito, lakini hati inasema shamba ni moja. Kipande kimoja kikikosekana, ofisa wa ardhi hakuonyeshi hata vile vitatu.

Mama Mwelu hakupenda neno volyumu. Yeye aliiita wodi, na kila diski akaiita kitanda. Alichukua plasta nyeupe ya hospitali, ile tunayofungia vidonda, akaandika kwa kalamu nyeusi KITANDA 1, KITANDA 2, akabandika. Kwenye daftari akanakili ile namba ndefu ya kila diski, kwa sababu seva haijui kitanda kiko wapi, inajua namba yake tu. Vitanda vitatu vilikaa pamoja katika kabati la zamani. Mwaka 2016 wodi ilipojaa aliongeza cha nne, nacho kikalala peke yake ndani ya kisanduku cheusi cha chuma, ukubwa wa kreti ya soda.

Sasa tufike Oktoba 2023, siku ambazo kila mtu hapa anadhani anazijua.

Hospitali ilinunua kabati jipya la diski. Jeff, fundi kutoka Nairobi, alikuja Jumamosi kuhamisha za zamani. Jumamosi hiyo hiyo wakwe walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa bintiye Mwelu, nyumbani Matuu, na hakuna mama Mkamba atakayewaacha mbuzi hao wapokewe na shangazi. Kwa hivyo Mama Mwelu alimwachia Jeff karatasi, na karatasi ilikuwa fupi: hamisha kila chenye plasta, kisicho na plasta ni takataka, weka nje. Jeff alifanya kama alivyoandikiwa. Ni kijana mwenye nidhamu, na sitaki mtu yeyote amlaumu tena.

Jumatatu asubuhi seva iliwaka vizuri, taa zote kijani, lakini wodi haikufunguka. Kioo kilisema volyumu haijakamilika, kisha kikauliza kama kiitengeneze upya, ikiwa tupu. Jeff alishauri tukubali, halafu turudishe kila kitu kutoka nakala ya akiba. Nakala ya mwisho iliyokuwa nzima ilikuwa ya mwezi wa tatu. Miezi saba ya wagonjwa ingefutika, vidonda, vipimo, watoto waliozaliwa, dawa zilizobadilishwa.

Na Jumatatu ni kliniki ya presha na kifafa. Kadi tulishaacha kutoa, watu wanakuja na kitambulisho peke yake. Mabenchi yalijaa kabla ya saa tatu. Mbele kabisa alikaa nyanya mmoja, Susu Syokau wa Kangundo, aliyebadilishiwa dawa ya kifafa mwezi wa nane. Muuguzi alimuuliza anameza ngapi. Susu hakuona sababu ya swali hilo. Alijibu kwa heshima, "Mimi niko kwa kompyuta." Dawa ya kifafa haikisiwi, kwa hivyo aliambiwa angoje, naye akangoja, mikono juu ya kikapu.

Jeff alikuwa tayari na kidole juu ya kitufe cha kukubali. Mama Mwelu aliingia, akasoma kioo, akalaza daftari lake juu ya kibodi.

"Mgonjwa hajafa," alimwambia. "Hayuko wodini. Kwanza tumtafute."

Watu wengine wangeanza kubonyeza. Yeye alikagua nyaya kwanza, moja moja. Kisha akaitisha kwenye kioo orodha ya namba za diski ambazo seva inaziona, akaweka rula chini ya kila namba daftarini, akasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita majina. Kitanda cha kwanza kipo. Cha pili kipo. Cha tatu kipo. Namba ya nne haikuwa mahali popote. Jeff alimwonyesha ile karatasi. Aliisoma, ni mwandiko wake mwenyewe, akaikunja akaitia mfukoni. Walikwenda nje kwenye takataka ya Jumamosi, wakakuta maboksi matupu.

Hadithi mliyosikia inasema kisanduku kilipatikana stoo. Hakikupatikana stoo.

Ijumaa kabla ya hapo niliingia chumba cha seva kubadilisha betri. Ukingo wa kabati ulinikata kidole gumba. Nilikuwa ndani ya hospitali, wodi iko hatua arobaini, wauguzi wamejaa, lakini mbele ya macho yangu palikuwa na kipande kizuri cha plasta kwenye kisanduku cheusi. Nikakibandua, nikajifunga. Kesho yake nikakuta kisanduku chenyewe nje, kimetupwa, kimo chake sawasawa na magoti ya mzee. Nikakibeba hadi nyumba ya jenereta. Kwa siku mbili nilikunywa chai nikiwa nimekalia wagonjwa elfu sitini na mbili, na nasema kweli, kilikuwa kiti kizuri.

Mama Mwelu alikuja kuniomba nisiguse umeme mpaka amalize kutafuta. Nilinyoosha mkono kumkaribisha. Aliangalia kidole. Plasta ilikuwa nyeusi kwa dizeli, lakini herufi zake bado zilionekana: KITANDA 4. Kisha akaangalia nilipokaa.

"Mzee Musau," alisema, taratibu kama anayezungumza na nyoka. "Simama polepole."

Nikasimama. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa samahani, na hilo linaniuma hadi leo. Nilimwambia mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimestaafu miaka miwili kabla, nikakataa kwenda nyumbani, na ofisi ikawa inanivumilia mwaka kwa mwaka. Wote wawili tulijua mzee aliyekalia diski ya hospitali hapewi mwaka mwingine.

Akaniuliza, "Kidole kinapona?"

Kisha akakibeba kisanduku mwenyewe, amekikumbatia kama mtoto wa siku moja. Nilipotaka kumsaidia, aliniangalia, nikarudi nyuma.

Alikiunganisha. Namba ya nne ikatokea kwenye kioo. Hata hapo hakuwaachia watu waingie. Aliifungua wodi kwa kusoma tu, bila kuandika kitu, akakagua hapa na pale mpaka akaridhika haikuumia, ndipo akawaruhusu wauguzi. Saa saba kasorobo Susu Syokau alipata dawa yake, kiasi kile kile alichoandikiwa mwezi wa nane. Alimwambia muuguzi kwamba yeye alishasema yuko kwa kompyuta.

Daktari Kasiva, mkuu wetu, alitaka maelezo kwa maandishi, na alikuwa na haki. Mama Mwelu aliandika mistari miwili: kisanduku hakikuwa na plasta, na plasta ni jukumu lake. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na miwili, ikaingia kwenye faili. Mkataba wangu ukaongezwa. Hatujawahi kulizungumza. Ila kila Januari ananiletea roli mpya ya plasta, anaiweka mezani pangu, anaondoka bila salamu. Vitanda vya wodi yake siku hizi vimeandikwa kwa rangi.

Sasa anaondoka, na faili lake linaondoka naye likiwa na barua yangu ndani. Daktari Kasiva, nakuomba mbele ya wafanyakazi wote uitoe barua hiyo kabla ya keki kukatwa. Jina lililopaswa kuandikwa pale ni Musau, wa jenereta, mwenye kovu kwenye kidole gumba cha kulia. Makabati ya mbao yangekuwepo, jina hilo angelitafuta mwenyewe. Na Emily, ukisoma haya kabla ya kuchapa, usifute. Mkataba wangu unaisha Desemba, na safari hii sitaomba mwingine.

Mama Mwelu anarudi Matuu, kwenye miembe yake na mjukuu ambaye tayari, nasikia, anafukuzwa jikoni akiwa na viatu. Daftari la jalada gumu ameliacha kwenye chumba cha seva, namba zote zimo, kila moja na kitanda chake. Atakayelirithi alisome kwa rula.

Wafanyakazi wamemnunulia blanketi na sufuria. Mimi nimemchongea kiti cha Kikamba cha miguu mitatu, mti wa mwangati, miezi minne ya jioni. Chini yake, mahali ambapo ni yeye tu atakayegeuza kuangalia, nimebandika kipande cha plasta, cheusi kwa dizeli, ambacho nimekihifadhi miaka miwili ndani ya kopo la misumari.

Tunakushukuru, Munyiva, kwa kila mtu uliyemtafuta mpaka ukampata. Nenda ukaishi vizuri, upone uchovu wetu. Keti. Ukitaka kusimama, simama upendavyo, na usipotaka, hakuna wa kukuinua.